Agizo Nililomnyima Kimutai

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na nne Agosti 1971, saa tatu na robo asubuhi, nyumba hii ilipovunjika. Kipsang, mwanangu, sogea, sauti yangu haifiki mlangoni. Na wewe Tecla, mama, weka hicho kitambaa chini uketi, umenihudumia vya kutosha. Padri amekwisha kunipaka mafuta. Dhambi niliyomwambia yeye nataka kuwaambia na ninyi, kwa kuwa si Mungu peke yake niliyemkosea.

Kwanza shamba. Chai yote ya upande wa juu ni ya Tecla na binti yake. Kipsang, nimeona unavyoitazama. Wewe una mahindi, una ng'ombe wanne na zizi lao; usimsukume mjane wa ndugu yako Kimutai kwa kusema kwamba mumewe alikufa kwa ukaidi. Najua maneno hayo yanasemwa mpaka sokoni Chebunyo. Yamesemwa miaka saba, na leo nitawaambia yalikotoka.

Mnajua nilikuwa mfuata nyayo wa meneja wa shamba la chai kule Kericho. Mzungu yule alikuwa na leseni ya kuua pofu dume mmoja, yule mnyama mkubwa kuliko fahali wetu, mwenye ngozi inayoning'inia shingoni. Alikuwa na bunduki mpya yenye darubini juu yake, iliyoweza kuua kutoka ng'ambo ya bonde, mahali ambapo mimi nilimwona mnyama kama punje ya wimbi. Tulimfuata dume mmoja siku mbili katika nyika iliyo chini ya Chebunyo, mzee, anatembea peke yake, manyoya meusi yamejaa kwenye paji la uso. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Kimutai alikuja nasi. Ndugu yangu Kipyegon naye alikuwapo, na hakumpa nafasi ya kupumua.

"Mwalimu," alimwambia, "leo mnyama akianguka usimwandikie barua ya pole. Kimbia! Nikikutangulia kwenye mkia nitawaambia wanafunzi wako."

Kimutai akacheka. "Baba mdogo, wewe na hilo tumbo? Utafika ameshaoza."

Sisi tuliolelewa na mishale, mnyama akipigwa, aliye karibu hukimbia amshike mkia, na sifa ni yake. Baba yangu alinifundisha hivyo, nami nikamfundisha Kimutai. Lakini mshale hupigwa kutoka karibu, na mpigaji anawaona wenzake wote. Jicho lililo ndani ya darubini linaona shingo ya mnyama tu, halimwoni mtu anayekuja.

Meneja alilijua hilo. Asubuhi ile alinivuta kando akasema kwa Kiswahili chake, "Ambia watu ya chini, hapana simama mpaka mimi napunga kofia." Nikaitika, ndiyo bwana. Nikateremka hadi kwenye korongo ambako Kimutai na Kipyegon wangejificha, nikawaonyesha mahali pa kulala, nikapanda tena kilimani. Sikuwaambia. Sikusahau, wanangu, msinitafutie njia ya kutokea. Niliona aibu kupeleka agizo kama lile. Nilijiambia, tangu lini mgeni wa juzi akamfundisha Mkipsigis namna ya kumwendea mnyama?

Risasi ya kwanza ilimwangusha dume. Kimutai aliinuka pale pale akakimbia, shati lake limejaa upepo, nami nilikuwa nimelala kando ya meneja nikimtazama, na nilifurahi, naam, nilifurahi kuona anavyokimbia. Kisha dume akajiinua kwa magoti. Nilifungua kinywa nipige kelele. Risasi ya pili ilitangulia sauti yangu, ikampata Kimutai. Tulimbeba kwa Landrova tukielekea hospitalini Longisa, akakata roho kabla hatujafika barabara kubwa, kichwa chake kwenye mapaja yangu.

Polisi walipouliza, meneja alisema agizo lilitolewa, akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Kipyegon ndiye aliyejibu. "Tuliambiwa. Kijana hakusikia la mtu." Ikaandikwa hivyo. Mwezi uliofuata Kipyegon akawa nyapara, na meneja akatuletea pembe za yule dume zimepigiliwa kwenye ubao uliopakwa vanishi, kana kwamba nyumba hii imeshinda mashindano. Mama yako, Kipsang, alizisukuma nje kwa mguu. Hakumaliza mwaka.

Tangu hapo sijala na Kipyegon. Krismasi moja alinisimamisha nje ya kanisa. "Kaka, nilisema vile kukufunika wewe. Ulitaka niseme nini? Kwamba baba yake hakumwambia?" Nikampa mgongo. Ninyi mkaona, mkaacha kumwamkia, na mimi nikawaacha. Nilimchukia kwa sababu alijua. Mwaka jana serikali ilipopiga marufuku uwindaji, watu walinung'unika. Mimi nilisema moyoni, mmechelewa miaka sita.

Nisikilizeni sasa, sina nguvu ya kurudia. Kipsang, siku ya kunizika, kabla ya misa, simama mbele ya watu useme: Kimutai hakukaidi, hakuambiwa. Taja jina langu. Usilipunguze neno kwa sababu nimelala ndani ya sanduku. Kisha umlete Kipyegon, atie udongo kama ndugu. Sisemi nimemsamehe vizuri. Hata jana nilisikia kikohozi chake njiani, nikageukia ukutani. Lakini uongo ule ulikuwa wetu wawili, asiachiwe peke yake.

Tecla, wewe sikuombi kitu. Usiseme umenisamehe kwa vile unaniona nakufa. Ukiweza, iwe siku nyingine, nikiwa sipo.

Maji... hapana, acha.

Mungu awape watoto wanaouliza, na awape ujasiri wa kuwajibu. Awalinde. Pigeni magoti sasa, tumwombee.

Ee Bwana, mtumishi wako Kimutai aliondoka bila padri, bila kumuaga mkewe. Mpe pumziko, mahali penye mwanga. Mama yake umkalishe karibu naye. Mimi... mimi uniweke mbali nao kidogo, Bwana, mpaka wao wenyewe waniite. Amina.