Mashine Ilichukua Mageti, Yeye Akaachiwa Matangi

Baba Padre, wazee wetu wa Bonga na Maisaka, mafundi mliofunga karakana zenu leo, nanyi nyote mliokuja kutushika mkono, historia hii inasomwa kwa niaba ya familia na Nestory Baha, mdogo wa marehemu, na kabla hajaanza anaomba radhi, kwa sababu wapo ndugu waliotaka ukurasa wa nyundo uchanwe, lakini Hilaria, binti wa marehemu, ambaye nyundo hiyo ilimwangukia, amesema usomwe wote, na sisi tumemsikiliza yeye.

Marehemu Egidius Baha Tarmo alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 katika kijiji cha Daudi, Mbulu, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Baha Tarmo na mama Marietha, akasoma shule ya msingi hapohapo kijijini kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, na huko hakusifika kwa hesabu wala kwa imla bali kwa ngumi, kwani alikuwa mwepesi wa hasira tangu utotoni, akipiga asubuhi na kuomba msamaha kabla ya jua kuzama, jambo ambalo Nestory analijua vizuri, maana jino lake la mbele liliondoka mwaka 1983 kwa hasira hiyo, na jioni yake mkono uleule ukamletea asali.

Mwaka 1988 alishuka Babati mjini kujifunza kuchomelea kwa mzee Msafiri, fundi mkali aliyefundisha kwa kipande cha nondo, na kosa ambalo mzee huyo hakulisamehe hata mara moja lilikuwa kupeleka moto kwenye tangi la mafuta kabla ya kulijaza maji mpaka mdomoni, kwa kuwa tangi lililomwagwa mafuta bado lina mvuke, na mvuke ukikutana na cheche hulipasua tangi pamoja na aliyelishika, hivyo Egidius alichapwa kwa ajili ya maji mpaka somo likakaa, na baadaye naye akawachapa wengine.

Tarehe 19 Oktoba 1996 alifunga ndoa takatifu na Benadetha wa hapa Bonga, na wengi wenu mnakumbuka kwamba baba mkwe, juu ya mahari yote, alidai geti la chuma la boma lake, nalo Egidius alilimaliza macho yakiwa yameungua kwa mwanga wa moto, usiku analala na vipande vya viazi machoni kuyapoza, mchana anachomelea kwa kupapasa, ndipo ua la urembo la upande wa kushoto likapata petali tano na la kulia likapata sita, mkwe akacheka mpaka akakaa chini, kisha akakataza lisirekebishwe, na tangu siku hiyo kila aliyetaka geti la Egidius alitaka na ile petali ya sita.

Walijaliwa watoto wawili, Hilaria aliyezaliwa tarehe 2 Julai 1999 na Simon aliyezaliwa mwaka 2004, na kuanzia mwaka 2001 marehemu alikuwa na karakana yake Maisaka, yenye mafundi sita, na nyundo ya kilo saba iliyoning'inia mlangoni kama kengele.

Mwaka 2023 bwana Eustace alifungua karakana kubwa kule Singe, akaleta mashine ya kukata chuma inayoongozwa na kompyuta, pamoja na mkono wa chuma unaochomelea wenyewe bila kuchoka wala kuungua macho, na geti lililomchukua Egidius siku nne likawa linatoka kabla ya chakula cha mchana, mafundi wake wakaondoka mmoja baada ya mwingine mpaka akabaki peke yake, naye Hilaria, aliyekuwa amemaliza chuo cha ufundi Arusha, akapata kazi kwa Eustace, akamficha baba yake, akamwambia kwamba anafanya kazi ya ofisini, kwa kuwa alimwogopa.

Tarehe 11 Februari 2025, Egidius alipokuja Bonga kumsalimia mama mkwe wake, aliona geti jipya kwa jirani, lina ua la petali tano na ua la petali sita, kosa lake mwenyewe, la mwaka wa posa yake, limekatwa na kitu ambacho hakikuwahi kuposa, akauliza limetoka wapi, akaambiwa Singe, basi akarudi Maisaka, akaing'oa nyundo mlangoni, akapanda bodaboda kwenda Singe ameipakata mapajani.

Alivunja kioo cha kompyuta kwa pigo la kwanza, akaupinda ule mkono wa chuma kwa la pili na la tatu, mlinzi akampiga rungu la mgongo na la kichwa naye hakugeuka, damu ikimtoka kichwani anapiga tu, na Hilaria akatoka ndani akipiga kelele, "Baba, ni mimi niliyelichora! Nililichora kwa ajili yako!", lakini masikio yale yalikuwa yameliwa na miaka zaidi ya thelathini ya kusaga vyuma, binti akatandaza mkono juu ya meza ya mashine kuikinga, na nyundo ilikuwa imeshashuka, ikavivunja vidole vinne vya mkono wa kulia, na viwili havikurudi tena.

Aliilaza nyundo chini, akavua shati, akaufunga ule mkono, akambeba mwanawe mpaka barabarani akilia kwa sauti, na baada ya hapo akalala mahabusu siku tatu bila kula, hadi Hilaria mwenyewe, mkono ukiwa kwenye bandeji, alipokwenda kumwombea kwa Eustace, naye Eustace akakubali yaishe, jambo ambalo familia haitalisahau.

Mageti hayakurudi Maisaka, mashine ilitengenezwa na kuendelea, na kazi zilizobaki kwa mikono ya watu zikawa zile ambazo mashine haziwezi na wenye akili hawazitaki, yaani matangi ya malori yaliyotoboka, Egidius akayapokea yote, na kila Jumamosi, na siku nyingine akipewa ruhusa kazini, Hilaria alikuja kukaa naye, baba akimfundisha kuchomelea kwa mkono wa kushoto, akimgombeza, akimwomba radhi, akimgombeza tena.

Tarehe 4 Agosti 2025, saa nne asubuhi, dereva mwenye haraka alileta tangi lililovuja, akaapa limekauka, Egidius akamtuma Hilaria bombani kuchota maji ya kulijaza, lakini dereva alihimiza, na marehemu akasema neno ambalo kila fundi hapa amewahi kulisema, "Nashikiza tu," akaligusa kwa moto mara moja, maji hayajafika, na tangi likapasuka, likang'oa bati la paa na kumtupa ukutani akiwaka, na yule aliyekimbia na ndoo mbili kumzima ni binti ambaye yeye mwenyewe alimvunja vidole.

Aliishi siku nne hospitalini, akafariki dunia tarehe 8 Agosti, siku ya Nane Nane, saa tisa alasiri, na maneno yake ya mwisho yenye kusikika alimwambia Hilaria, "Wafundishe maji kwanza. Na lile ua ulilichora vizuri."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Maisaka waliobomoa ukuta wa karakana kwa mikono ili kumtoa haraka, wanajumuiya, na mafundi wote wa Babati, pamoja na Eustace, aliyewasha mashine yake jana kwa ajili ya msalaba wa chuma mtakaouona kaburini, ambao una ua moja lenye petali sita, tano zimekatwa na mashine na zimenyooka, na ya sita imechomelewa na Hilaria kwa mkono wa kushoto, nayo imepinda.

Pumzika kwa amani, kaka, ndoo za maji zimejaa.