Mama Agnès na Dawa Mbili za Mbombo

Tarehe 30 Juni 1996 Mama Agnès Kabamba anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye dirisha la famasia ya hospitali yetu. Alianza kwa kuosha chupa. Anaondoka akiwa mkuu wa famasia, na sauti yake bado inafika mpaka mtaa wa Musonoi bila simu.

Akina mama waliokoma hedhi, wale wanaolowa jasho hata asubuhi ya baridi, walitoka kwa daktari wakaja kwake. Aliwaeleza estrojeni, homoni inayopungua mwilini umri huo, bila haraka: kidonge kila siku, jeli ya kupaka mkononi kila asubuhi, au kibandiko cha chini ya kitovu, kinachobadilishwa mara mbili kwa wiki. Wengi walianza na dozi ndogo, hata mke wa mkurugenzi aliyedai dozi inayolingana na cheo. Mmoja alibandika kibandiko kwenye paji la uso, maana joto lilipandia huko. Agnès alikibandua mwenyewe, akacheka mpaka akakaa chini.

Jambo moja hakulifanyia mzaha. Mwanamke ambaye hajatolewa mji wa mimba hakupewa estrojeni peke yake. Alipewa pia homoni ya pili, projesteroni, siku kumi na mbili kila mwezi, ili mji wa mimba usije ukapata saratani.

Mwaka 1993, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walipofukuzwa hapa kwetu, mfanyakazi mwenzetu Mbombo, naye mtumiaji wa dawa hizo, alikuja kutuaga mbio mbio. Rafu zilikuwa karibu tupu. Agnès hakuwapo dirishani, basi mimi nilimpa jeli ya miezi mitatu, nikasahau projesteroni. Agnès aliporudi aliniuliza: “Tata Mukalay, umemupatia moya tu? Ile ingine iko wapi?” Hakungoja jibu. Alichukua paketi na baiskeli yangu, akawapita vijana waliokuwa wakiwazomea wanaoondoka, akamtafuta Mbombo katikati ya magodoro ya waliofukuzwa kwenye kituo cha treni mpaka akampata. Alirudi na kitenge kilichochanika, wala hakunigombeza. Mimi bado naona haya, kwa dawa ile na kwa yote tuliyoyatazama tukanyamaza.

Mwaka jana barua ilifika kutoka Mwene-Ditu, huko Kasai. Mbombo ni mzima.

Asante, Mama Agnès. Pumzika vizuri, ule vizuri, utugombeze kwa mbali. Zawadi uliyotuomba ni tiketi ya treni tu. Jumatatu unakwenda kumwona Mbombo, na umesema kila mmoja wetu amwandikie barua ya kuomba msamaha. Yangu iko tayari.