Jukwaa Dogo la Mzee Ignasi

Marehemu Mzee Ignasi Chilumba, baba yetu, alizaliwa Ndanda, Masasi, tarehe 12 Machi 1929. Alisoma shule ya misheni hapohapo hadi darasa la nne, kisha akajifunza useremala. Hesabu za ubaoni zilimpiga chenga, lakini mbao zilimtii.

Mwaka 1952 alikuja Dar es Salaam, akabeba mizigo bandarini mpaka alipofungua karakana yake Kariakoo. Mwaka 1956 alifunga ndoa na mama yetu, Severa.

Julai 1973 alipewa kazi ya kujenga jukwaa la tamasha viwanja vya Mnazi Mmoja. Akalijenga refu kupita mtu aliyesimama, akajivuna mtaa mzima. Lakini alipopanda Bi Mauza, mwimbaji wa taarabu, kina mama walisogea kumtunza kama ilivyo desturi, wakiwa na khanga na vikuba, vile vishada vidogo vya asumini, mikono yao ikaishia hewani. Bi Mauza akanyamaza katikati ya ubeti. Watu wakaanza kuzomea. Jina la baba lilikuwa linazama mbele ya mji mzima.

“Fundi, umenipandisha juu mno,” alimwambia marehemu. “Macho yao siyaoni. Nimwimbie nani?”

“Shuka, bibie. Kosa ni langu, nalirekebisha sasa hivi.”

Misumari mdomoni, aling’oa mbao za nyuma, akapiga jukwaa dogo katikati ya watu, usawa wa magoti. Bi Mauza akaimba pale bila kipaza sauti. Umati wote ule ukatulia tuli. Baba alitusimulia mpaka mwisho wa maisha yake kwamba alilia waziwazi, kwani hakujua mbao zake zingeweza kubeba jambo kubwa namna ile.

Tangu hapo kila tamasha alijenga majukwaa mawili. Mama alimtania, “Baba Angelina, ipo siku utanijengea na vitanda viwili!” Lile dogo la kwanza hakuliuza wala kulivunja.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 1982. Alifariki nyumbani tarehe 9 Septemba 1984, akiwa amemwagiza Mama, “Msiniweke juu. Niwekeni watu wanifikie.”

Ameacha mjane, watoto wawili, Angelina na Vitalis, na wajukuu watano. Jeneza lake mnaloliona limelala juu ya jukwaa lile dogo. Leo asubuhi Bi Mauza alitangulia kufika, akiwa na kikuba cha asumini. Akainama, mkono wake ukafika.

Mungu ampe fundi wetu pumziko la amani.