Mama Perusi Akiror, Aliyeficha Ugonjwa Mnadani

Tunayemsindikiza leo ni Mama Perusi Akiror, aliyezaliwa Osukuru, Tororo, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Ikwap na Mama Amoit. Mimi ninayesoma ni Engole, mtoto wa kaka yake. Alinilea, na fimbo yake naijua.

Alisoma hadi darasa la sita, mwaka 1974, karo ilipokosekana. Hakulalamika, ila sisi tuliotoroka shule alitusuta mpaka tukaota ndevu.

Tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa na Mzee Bartholomew Emojong wa Busia. Kabla ya hapo, siku ya mahari, badala ya kutulia ndani kama bibi arusi, alichungulia mbuzi dirishani, akatuma neno kwamba yule beberu mweusi ni mzee, akaguliwe meno. Alikaguliwa, na alibadilishwa.

Maisha yake yote aliuza mbuzi na kondoo, akinunua kijijini Kisoko na kuwauzia Wakenya kwenye mnada wa Busia. Alijua bei hupanda Krismasi na Idd, na huanguka shule zikifunguliwa kwa kuwa kila mzazi anauza. Alijua mbuzi aliyehasiwa akanona humpita bei beberu anayenuka. Lakini alisema hakuna kinachoshusha bei kama shida ya muuzaji ikijulikana.

Februari 2024 madaktari walimkuta na uvimbe tumboni, wakasema apasuliwe haraka. Mbuzi wa kulipia walikuwepo, ila shule zilikuwa zimefunguliwa na soko limefurika. Wanawe walitaka kwenda kuuza, akawakatalia.

"Nyinyi mko na sura ya hospitali," alisema.

Alivaa gomesi yake ya sherehe. Kwa kuwa alikuwa amekonda, alijizungushia shuka ndani aonekane mnene, yeye aliyewagombeza wanaonywesha mbuzi maji ya chumvi wavimbe matumbo kabla ya mnada. Pale sokoni aliwatania wanunuzi kama kawaida.

"Mimi sina haraka," aliwaambia. "Bei kama haikupendezi, narudi na mbuzi yangu."

Mbuzi wote walinunuliwa kwa bei ya Krismasi. Alirudi na maumivu makali, lakini furaha ilimzidi, akatuapia kwamba hakuna aliyegundua.

Upasuaji ulimpa mwaka na zaidi, kisha ugonjwa ukarudi. Wahenga walisema kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana. Alitutoka kimya, nyumbani, Jumatano tarehe 11 Juni 2025, Mzee akiwa amemshika mkono. Inatuuma sana.

Ameacha mume, watoto Ecodu, Asekenye na Daphine, wajukuu, na sisi watoto wa kaka yake.

Yanayofuata sitayasoma kwa sauti. Yasomeni wenyewe kimya kwenye karatasi mlizogawiwa, kwa kuwa jeneza liko karibu. Juzi wanunuzi walikuja kutufariji, na mmoja wao, Lenox wa upande wa Kenya, alisema: "Sisi tulijua Mama ni mgonjwa tangu ashuke kwa boda. Tukakubaliana kila mtu alipe ya Krismasi. Sasa nani angemwambia?"

Nasi hatumwambii. Mtakapopita kumuaga, tafadhali, lisiwatoke neno. Apumzike kwa amani, akijua aliwaweza.