Moshi wa Fortunata na Mashine za Kijiweni

Benchi letu la mtaa wa Narung'ombe limeegemea ukuta wa jiko la Fortunata, mama wa Masasi anayetuuzia kahawa na chapati. Tangu ligi ianze anakohoa. Jana kasema kifua kimemshinda, Ijumaa anafunga jiko, anarudi kwao. Sifichi, niliumia. Basi leo asubuhi tukaamua kumnunulia mashine ya kuondoa moshi, na ubishi ukaanza kabla kahawa haijapoa.

— Chukueni feni ya kufyonza, alisema Nilesh, muuza vifaa vya umeme tunayemwita Waranti. Unatoboa ukuta, unaipachika, inatupa moshi nje.

— Nje si ndiyo hapa tulipokaa? alidaka Shomari, Profesa wetu. Bora lile kofia la kuning'inia juu ya jiko, lenye chujio la mkaa. Moshi unaingia mchafu, unatoka msafi.

— Moshi msafi umeuona wapi, Profesa? aliuliza Waranti.

— Mbona maji mnachuja?

— Kwa mafuta ya hizi chapati, chujio litaziba wiki mbili tu, alisema Waranti. Mimi nauza, lakini nawaambia ukweli.

Kitwana wa bandarini, maarufu Kontena, akacheka.

— Mnawaza kitoto nyie! Mimi nimeona feni ya meli. Ukiiwasha inavuta moshi, sufuria na mwenye sufuria.

— Tunataka Fortunata abaki, we unataka apae? aliuliza Waranti.

— Haraka haraka haina baraka, alijibu Kontena. Ndiyo maana feni lazima iwe na spidi.

— Hiyo methali umeiokota matopeni Jangwani baada ya mafuriko!

— Basi bomba la bati, alisema Profesa, lipande mpaka ghorofa ya kumi. Huko juu moshi unageuka wingu, unaenda kunyesha Mnazi Mmoja.

Ndani Fortunata akakohoa, kikohozi kirefu.

Ndipo akafika Zamzam, fundi umeme aliyeitwa na Waranti aje kupima ukuta.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Akaingia jikoni, akatoka anafuta machozi. Akalitazama bango la mbao juu ya vichwa vyetu, analoandikia Profesa msimamo wa ligi kwa chaki. Akachungulia nyuma yake.

— Wazee, huku kuna matundu ya hewa. Nani kayaziba?

Profesa akachungulia kikombe kitupu. Waranti akasoma simu iliyozimika. Misumari ya lile bango niliigonga mimi, siku ya mechi ya kwanza, maana moshi ulikuwa unatuchoma macho tukijadili soka. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Kontena akasimama, akaling'oa bango kwa mikono miwili. Moshi ukatumwagikia. Tukakohoa wote, Profesa akaangusha kofia yake. Kisha jicho la Fortunata likatokea kwenye tundu.

— Jamani, kumbe mnaonekana! Mbona mnakohoa?

Tulikuwa tunabeba benchi kulivusha ng'ambo ya barabara.

— Na Ijumaa, Mama? nikapaza sauti.

— Ijumaa njooni mapema, chapati zinawahi kuisha.