Wasichana Wanaojaribu Kilima

Mgeni rasmi, Bwana Torgeir Haukland, mwenyekiti wa chama cha warukaji kwa skii. Viongozi wa klabu, wazazi, na kaka zetu mnaotetemeka kwa baridi kule juu ya mnara wa kurukia:

KARIBU
Karibu Storlia. Chapati za lefse ulizokula, zenye siagi na sukari, tumezipika sisi. Tumefurahi kuona umeongeza.

HISTORIA
Bibi Borghild, aliyeketi hapo mbele, aliteleza kwa skii kwenye kilima hiki na kuruka akiwa amevaa sketi. Daktari wa chama akamwonya, "Binti, utaangusha kizazi!" Bibi akamjibu, "Nikikiangusha, daktari, nitakuletea ukishone." Kisha akazaa watoto saba. Kila theluji inapoyeyuka huwa tunaokota hapa glavu, kofia, na mara moja meno ya bandia ya mzee Nils. Kizazi hatujaokota hata kimoja.

MAFANIKIO
Kabla ya kila mashindano, sisi ndio tunaoshindilia theluji kwa mbao zetu za skii, na sisi ndio tunaotangulia kuruka, ili waamuzi wajue kilima ni salama kwa wanaume. Yaani kilima cha kuharibu vizazi tunakijaribu sisi kwanza. Tunashukuru kwa kuaminiwa.

CHANGAMOTO
Anayejaribu hapimwi umbali aliofika. Mwaka jana dada yetu Ingunn aliruka, akatua mbali kabisa. Baba yake akapaza sauti, "Mpimeni mwanangu, jamani!" Mpimaji akasema, "Mzee, huyo si mshindani." Kisha akampa Ingunn reki asawazishe theluji, afute alama yake mwenyewe. Akafuta. Siku ile hakuna mwanamume aliyefika pale reki ilipopita. Iliuma, mgeni rasmi, na mpaka leo inauma.

OMBI
Tuna ombi moja tu: leo tuvae namba na turuke tukipimwa, kama wenzetu.

Kaka Sigurd, mshereheshaji wetu, acha kutuonyesha saa, tunaiona. Tunajua pia kanuni, kwamba hakuna mshindani anayeruka kabla kilima hakijajaribiwa. Wanaokijaribu leo wote ndio hawa waliosimama mbele yako, mgeni rasmi, na skii zetu zimefungiwa ghalani kwa Bibi Borghild. Ufunguo anao yeye, na kama unavyoona, amesinzia. Hatujagoma. Tunasoma risala tu, na kurasa bado zipo.

Mungu akujalie afya, aibariki nyumba yako, na akupe jibu fupi.

Ni sisi,
Wasichana Wanaojaribu Kilima, Storlia.
Imesomwa kwa niaba yao na Ingunn Bråten.