Pale Kwaya Inaponyamaza

Benchi ni langu. Nililipigilia misumari mwenyewe mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, ili wateja wakae nikiwabandikia soli, lakini wateja siku hizi hawapati nafasi. Limekaliwa na Kinyozi, jirani yangu wa mlango wa pili, na Waziri, ambaye hajawahi kuwa waziri wa chochote ila hakuna jambo asilokuwa na jibu lake. Mama Kahawa huweka birika lake pembeni akitoka ibada ya kwanza. Jumapili hii akaongezeka Spana, fundi magari, ambaye siku za Jumapili hatumwoni kabisa. Umeme ulikatika mtaa mzima, simu yake ikazima, naye simu ndiyo kanisa lake tangu mkewe afariki. Ng'ambo ya barabara kanisa lenyewe lilikuwa wazi, kwaya inafanya mazoezi kabla ya ibada ya pili. Spana akakaa ameligeuzia mgongo.

Waziri: Kwa hiyo mchungaji wako kaishiwa chaji?

Spana: Cheka tu. Mungu yuko kila mahali. Hata chini ya gari nikilala na spana yangu, yupo.

Kinyozi: Yupo, nani kabisha? Yeye hana shida, mwenye shida ni wewe. Kinyozi hajinyoi, ndugu yangu. Mimi na mashine zangu zote, kisogo hiki ananinyoa mwenzangu.

Spana: Mimi nina upara.

Mama Kahawa: Shemeji, na hiyo simu, neno unalipata kweli?

Spana: Nalipata sana tu! Tena mhubiri akianza kunigusa penyewe, nabonyeza, namruka, naenda kwenye nyimbo.

Mama Kahawa: Ungeweza kutubonyeza na sisi, mbona ungetumaliza wote.

Waziri: Tulieni niwaeleze kitaalamu kwa nini Mkristo anahitaji wenzake.

Mimi: Ukileta ile ya kaa la moto lililotolewa jikoni likazimika peke yake, unanyanyuka kwenye benchi langu. Kila mhubiri anayo.

Waziri: Nani kasema kaa? Nasema hivi, mbinguni kuna mapokezi. Maombi ya mtu mmoja yanapanga foleni. Likija kundi linaimba, kelele zinazidi, malaika wa mapokezi anasema, jamani, hao wapitisheni kwanza tupumzike. Ndiyo maana wahenga wakasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Kinyozi: Inahusiana vipi?

Waziri: Methali haihojiwi. Halafu kuna suala la uti wa mgongo.

Mama Kahawa: Ee Bwana, tumekwisha.

Waziri: Imani inakaa kwenye uti wa mgongo! Kanisani mnabanana kwenye viti, joto la huyu linaingia kwa yule, imani haigandi. Sasa mtu yuko peke yake kwenye kochi, mgongo wote unapigwa na baridi. Atabaki na nini?

Mimi: Na wewe mwenyewe unakwenda lini kubanana?

Waziri: Mimi ni mtaalamu, sichanganyiki na wagonjwa. Na la mwisho ndilo zito: mbinguni hakuna chumba cha mtu mmoja. Someni wenyewe, ni umati, umati, umati! Ni bweni. Asiyezoea kulala na wanaokoroma hapa duniani, kule atapata tabu milele.

Tulicheka mpaka Kinyozi akamwaga kahawa kwenye suruali. Spana naye alicheka. Lakini katikati ya kicheko, kwaya ng'ambo ikafika pale. Waliimba "Bwana anaita," wakanyamaza. Kimya kilikaa urefu wa mstari mzima, kisha wakaingia wote pamoja. Pale ndipo Spana, enzi zake kwenye kwaya, alipokuwa akiitikia peke yake kwa ile sauti yake ya chini, "Tunakuja." Sisi tulishakizoea kile kimya. Yeye ndiyo kwanza anakisikia, akaweka kikombe chini.

Spana: Marehemu alikuwa anasimama mbele, sauti ya kwanza. Mimi nyuma, namwona kisogo na kilemba chake. Nikirudi nitaona nini?

Waziri alijifanya anapuliza kahawa iliyokwisha poa.

Spana: Na niwaambie ukweli, maana nimechoka kuuficha. Nyumbani naanza kusali, katikati najikuta nawaza gia ya mtu. Nikishtuka, hata sijui niliishia wapi. Juzi sikuanza kabisa. Imani inaniisha, jamani. Naogopa.

Kinyozi: Hata mimi kanisani nawaza vichwa vya watu, si nakwambia? Ila jirani akisema Amina kwa nguvu nashtuka, narudi. Wewe kule chumbani nani akuamshe?

Mama Kahawa: Mimi nilipomzika mwanangu, shemeji, sikuweza kuimba. Nilikwenda nikasimama tu kama mti. Wenzangu wakaniimbia. Mkeo ndiye aliyekuwa kanishika mkono, miezi kwa miezi, mpaka sauti ikarudi yenyewe. Ningekaa nyumbani ningekuwa nimemwacha Mungu zamani.

Hapo akafika mama mmoja mwenye kikapu, mgeni, amehamia nyumba ya pembeni wiki hii.

Mgeni: Hamjambo wenyeji? Nipatie kahawa, dada yangu. Jamani, kwaya yenu inaimba vizuri! Ila nawasikiliza tangu asubuhi, kuna mahali wanaita halafu wananyamaza. Pale huwa wanamngoja nani?

Nikatazama kiatu nilichoshika. Kinyozi akatazama suruali yake. Waziri alifungua mdomo, akaufunga, na hilo sijawahi kuliona tangu nimjue. Mama Kahawa akainamisha birika juu ya kikombe cha mgeni, likatoa matone tu.

Mama Kahawa: Kahawa imekwisha.

Spana akasimama.

Spana: Nina grisi mikononi.

Mama Kahawa: Lete hapa.

Akammiminia maji ya kuoshea vikombe, nami nikampa kipande cha sabuni na kitambaa changu cha kung'arishia viatu. Spana akanawa, akajifuta, akavuka barabara polepole. Mlangoni pa kanisa akasimama. Ndani kwaya walikuwa wamerudia wimbo toka mwanzo, na sisi wote tulikuwa tumesimama bila kuambiana. "Bwana anaita," wakanyamaza. Kile kimya kikakaa, kikakaa, nikajua wanakaribia kuingia. Ndipo ikatoka mlangoni sauti nzito, imekwaruza, karibu ivunjike: "Tunakuja." Kwaya nzima ikalipuka kwa vigelegele, wimbo ukavurugika.

Waziri: Kachelewa, jamani. Kachelewa kabisa.

Mama Kahawa: Lakini kaingia.

Akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akamwambia mgeni asubiri, anakwenda kuchemsha nyingine.